Moyo ukilemewa, mwili nao una haki yake

 IJUMAA ya leo tunaomba tuanze na kisa ambacho kila nyumba ya Kiislamu inakijua, nacho ni kisa cha Bibi Maryam (A.S.) chini ya mtende.

Tumezoea kukisoma kisa hiki kwa ajili ya muujiza wa kuzaliwa kwa Nabii Isa (A.S.), na ndivyo ipasavyo. Lakini tukizisoma taratibu aya za 23 hadi 26 za Sura Maryam tunamkuta mwanamke aliye peke yake, mbali na jamaa zake, uchungu wa uzazi umemfikisha kwenye shina la mtende, na moyo umemwelemea kiasi cha kutamani lau angekufa kabla ya siku ile na kusahaulika kabisa. Maneno hayo hayakutoka kwa mtu mwenye imani haba. Yalitoka kwa mwanamke aliyeteuliwa na kutakaswa. Na jibu alilopewa halikuwa karipio. Aliambiwa asihuzunike. Akaonyeshwa kijito cha maji chini yake, akaamrishwa alitikise shina la mtende limwangushie tende mbivu, akaambiwa ale, anywe na aburudishe macho yake, kisha akapewa ruhusa ya kutosema na mtu yeyote siku ile.

Anayeufahamu mtende anajua kwamba hata mwanamume mwenye nguvu zake hawezi kuutikisa ukaangusha tende, sembuse mzazi aliye katika uchungu. Mola aliyemletea riziki mihrabuni bila ya yeye kunyanyua mkono angeweza kumwangushia tende hizo vilevile. Wanavyuoni wamelitaja sana jambo hili katika mlango wa kushika sababu pamoja na kutawakali. Sisi leo tunapenda kulitazama kwa upande mwingine, yaani namna mtu aliyelemewa alivyoliwazwa: maji, mwendo mdogo wa mkono, chakula, utulivu wa jicho na mapumziko kutokana na maneno ya watu. Mambo yote hayo ni ya mwili, na yote yaliletwa kuutuliza moyo.

Kisa hiki kilitujia akilini tukiwa Ganako. Ganako ni kata ya wilaya ya Karatu, mkoani Arusha, katika nyanda za juu ambazo watalii huzipita wakielekea Kreta ya Ngorongoro. Ni nchi ya udongo mwekundu, ya mahindi, maharage na mbaazi, yenye baridi kali miezi ya Juni na Julai. Waislamu huko ni wachache kuliko majirani zao Wakristo, na wanaishi nao kwa wema. Hata hiki kisa cha Bibi Maryam majirani hao hukisikiliza kwa hamu, kwa kuwa wanamheshimu.

Mama mmoja wa huko, ambaye hatutamtaja jina, alitueleza hali yake baada ya darsa la akina mama. Mumewe ni dereva wa watalii. Msimu ukiwa mzuri, baba huondoka nyumbani siku kumi au zaidi mfululizo, na mama hubaki na watoto wanne, shamba na mama mkwe asiyeona vizuri. Msimu ukiwa mbaya baba yupo nyumbani, lakini fedha haipo. Mwaka 2020 maradhi ya Uviko-19 yalipofunga viwanja vya ndege duniani, watalii walioingia Tanzania walipungua kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takribani 620,000, na kwa wilaya inayokula kwa mkono wa mgeni kama Karatu hayo hayakuwa takwimu za redioni tu. Yalikuwa ada za shule na kilo za unga. Kabla ya hapo, mwaka 2017, India ilipoweka ukomo wa kuingiza mbaazi, bei ilianguka vibaya na waliozitegemea shambani wakaumia. Watalii wamerejea, alhamdulillahi, na baba amerudi kazini. Lakini kitu fulani ndani ya mama yule hakikurejea. Alisema anaamka amechoka kuliko alivyolala. Anasahau chumvi katika mboga. Mtoto akimwita mara mbili anatamani kulia. Kwa neno lake mwenyewe, ana mawazo.

Alipompelekea shida yake mtu mmoja anayemheshimu katika dini, alijibiwa kwamba huo ni udhaifu wa imani na kwamba aongeze nyiradi. Akaongeza. Alizidisha mpaka akawa halali usiku, na alipoona hali haibadiliki alianza kuhofia kwamba Mola wake amemkasirikia. Hapo ndipo tulipoona kwamba jambo hili linastahili ukurasa wa Ijumaa.

Tuseme wazi, bila ya kumlaumu aliyejibu, maana huenda alikusudia kheri. Kumkumbuka Allah ndiko kunakotuliza nyoyo, na hilo limo ndani ya Qur'an katika Sura Ar-Ra'd, wala Mwislamu halitilii shaka. Lakini huzuni si alama ya upungufu wa imani. Nabii Yaaqub (A.S.) alihuzunika kwa ajili ya Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, naye ni Nabii. Mtume wetu (S.A.W.) alipowapoteza Bi Khadija (R.A.) na ami yake Abu Talib katika mwaka wa kumi wa utume, mwaka ule ukabaki katika vitabu vya sira kwa jina la Mwaka wa Huzuni. Na alipofiwa na mwanawe mchanga Ibrahim alitokwa na machozi mbele ya Swahaba zake. Nani atathubutu kusema kwamba hao walipungukiwa?

Aidha, iko dua mashuhuri aliyoipokea Anas bin Malik (R.A.), ambayo Mtume (S.A.W.) alikuwa akiikariri mno, nayo imo katika Bukhari. Ndani yake anajikinga kwa Allah kutokana na hamu, yaani wasiwasi wa yajayo, na huzuni ya yaliyopita. Mara baada ya hayo mawili anajikinga na kushindwa na uvivu, yaani mwili kuishiwa nguvu na nafsi kukosa ari. Wengi wetu tunaisoma dua hiyo asubuhi na jioni bila ya kuutazama ujirani wa maneno yake. Aliyepata kuugua moyo anaujua ujirani huo. Wasiwasi ukikaa sana, viungo hulegea. Viungo vikilegea, wasiwasi huota mizizi.

Wataalamu wa Kiislamu waliliandika jambo hili zamani sana. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934 Miladia, mwenyeji wa nchi ya Balkh ambayo leo imo Afghanistan, alitunga kitabu kiitwacho Masalih al-Abdan wal-Anfus, kuhusu maslahi ya miili na nafsi kwa pamoja. Aliwalaumu matabibu wa zama zake kwa kushughulikia mwili na kuiacha nafsi, ilhali kimoja kikiugua kingine huugua nacho. Akaigawa huzuni mafungu mawili: ile yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na ile isiyo na sababu anayoijua mwenyewe, ambayo aliona chanzo chake kimo katika mwili, na kwa hiyo mwili nao utibiwe. Huyo aliandika hayo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Sisi bado tuko katika kumwambia mama wa watu kwamba imani yake imelegea.

Sasa tuje kwenye mwendo. Katika mwaka 2022 watafiti walikusanya tafiti 15 zilizofuatilia watu zaidi ya 190,000, wakachapisha matokeo katika jarida la JAMA Psychiatry. Watu wazima waliokuwa wakifanya nusu tu ya kiwango kinachoshauriwa, yaani kiasi cha saa moja na robo kwa wiki ya kutembea kwa haraka, walionekana kuwa na hatari ya sonona iliyo pungufu kwa asilimia 18 kuliko wasiofanya lolote. Waliotimiza saa mbili na nusu, upungufu ulifika asilimia 25. Tafiti za namna hii huonyesha mambo yanayokwenda pamoja, hazikati shauri la kipi kimezaa kipi. Lakini mwaka 2024 jarida la BMJ lilichapisha mapitio ya majaribio 218 ambamo wagonjwa wa sonona walipewa mazoezi kama tiba, na kutembea kulikuwa miongoni mwa yaliyosaidia zaidi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki.

Tulipomweleza mama yule hayo, alitutazama kwa namna iliyotufanya tunyamaze. Yeye anatembea. Anakwenda shambani kwa miguu, anateka maji bomba linapokauka, anabeba kuni, anafua na kuinama kutwa. Kama kutembea ni dawa, basi wanawake wote wa Ganako wangekuwa wazima kabla ya adhuhuri.

Hoja hiyo ni nzito, na tunakiri kwamba hatukuwa na jibu lake palepale. Baadaye tulikuta kwamba wataalamu wenyewe wamesumbuka nayo. Andreas Holtermann wa Denmark na wenzake wamelieleza kwa muda mrefu fumbo hili: mwendo mtu anaoufanya kwa hiari yake katika wakati wake humpa afya, lakini mwendo wa kazi ngumu, wa kuinua na kubeba saa nyingi bila ya kupumua, haumpi faida ileile, na mara nyingine humdhuru. Mwendo wa kazi hauna mapumziko ya kutosha, mwenye kuufanya hachagui kasi yake, na mzigo huukaza mwili muda mrefu. Kwa upande wa moyo tunaona vivyo hivyo. Ndoo ya lita ishirini kichwani haikupi nafasi ya kutazama mlima. Unahesabu hatua, unahofia utelezi, unawaza kilichobaki jikoni. Kwa hiyo anachokihitaji mama huyu si kuongezewa mwendo. Ni kupata kipande kidogo cha mwendo kisicho na mzigo, kisicho na amri, pamoja na mtu anayempenda, na baada yake kupumzika kikweli.

Katika jambo hili la kupumzika, wilaya yenyewe ya Karatu imetoa somo kwa ulimwengu. Upande wa Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe, ambao baadhi yao bado wanakula kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Watafiti waliofuatana nao walidhani watakuta watu wasiotulia. Katika makala iliyotoka mwaka 2020 walieleza kwamba Wahadzabe waliowapima hupumzika karibu saa kumi kwa siku wakiwa macho, muda usiotofautiana sana na wa watu wa mijini wanaokaa vitini. Tofauti iko katika namna ya kupumzika. Kwa sehemu ya muda huo wao huchuchumaa au hupiga magoti, na misuli ya miguu hubaki inafanya kazi kidogo kidogo, ilhali aliyeegemea kiti misuli yake hulala kabisa.

Tulipoisoma habari hiyo tulikumbuka mikao ya swala. Hatusemi kwamba swala ni mazoezi ya viungo. Swala ni ibada, na anayeswali kwa nia ya kunyoosha mgongo hajaswali. Lakini Aliyeiamrisha ndiye Aliyeuumba mwili. Katika fardhi tano kuna rakaa 17, na ndani yake rukuu 17 na sijida 34, bila ya kuhesabu suna. Kwa mwenye haraka zote hizo hupita kama kuku adonoaye punje. Mtume (S.A.W.) alimwona mtu akiswali hivyo, akamrudisha mara tatu, kisha akamfundisha atulie katika kila kitendo: arukuu mpaka atulie, ainuke mpaka asimame sawasawa, asujudu mpaka atulie. Utulivu huo, ambao mafakihi huuita tumaanina, ni nguzo. Tulimwomba mama yule asiongeze hata wiridi mmoja juu ya alizo nazo. Badala yake apunguze, alale mapema, na katika fardhi tano anazoswali kila siku aviache viungo vitulie na pumzi ishuke kabla hajahama. Mtume (S.A.W.) alikuwa akimwambia Bilal (R.A.) awapumzishe kwa swala. Wengi wetu tunaomba kupumzishwa tutoke humo.

Vilevile yako mafundisho ya asubuhi. Imepokelewa katika Bukhari na Muslim kwamba mtu anapolala shetani humfunga mafundo matatu kisogoni. Akiamka akamtaja Allah, fundo la kwanza hufunguka. Akitawadha, la pili. Akiswali, la tatu, na hapo huingia asubuhi yake akiwa mchangamfu na mwenye nafsi njema, kinyume chake akaamka mzito na mvivu. Ulimi, maji, kisha mwili wote. Mama mwenye mawazo asijaribu kuyatatua ya siku nzima akiwa bado kitandani. Ayaache yamsubiri mpaka mafundo matatu yafunguke. Maji ya Ganako mwezi wa Julai ni baridi mno, hilo tunalijua, na si dhambi kuyapasha moto.

Kutembea kwenyewe hakuhitaji viatu vya dukani. Mavazi ya stara na khanga au shuka ya kujikinga na baridi yanatosha, na jirani mmoja wa kike. Nusu saa, siku tano kwa wiki, hutimiza zile dakika 150; lakini aliyechoka aanze na dakika kumi na asijihesabie deni. Mwendo uwe wa kuweza kuzungumza bila ya kuhema, kisha si lazima kuzungumza. Tahadhari moja ni ya huko hasa: vijiji vilivyo jirani na msitu wa Ngorongoro hutembelewa na tembo na nyati wanaoingia mashambani usiku na kuondoka karibu na alfajiri. Kwa hiyo wanaoishi upande huo wasitoke mara baada ya swala gizani, wasubiri jua lichomoze, au watembee kabla ya Magharibi. Tunamwona dereva wa watalii akitabasamu hapa, maana yeye hulipwa kuwatafuta wanyama haohao.

Katika chakula tutataja kimoja tu. Bi Aisha (R.A.), akifiwa na mtu wa nyumbani kwake, wanawake wakishatawanyika na kubaki jamaa wa karibu, alikuwa akiamrisha ipikwe talbina, nayo ni uji mwepesi wa shayiri, wakala, akawaeleza kwamba alimsikia Mtume (S.A.W.) akisema kuwa uji huo huupumzisha moyo wa mgonjwa na huondoa sehemu ya huzuni. Tazama hekima: wageni wameondoka, kelele zimekwisha, na ndipo kinapotengwa chungu. Shayiri si ngeni katika nyanda za juu za kaskazini, ingawa nyingi huishia kwenye viwanda ambavyo hatuna haja ya kuvitaja katika ukurasa huu. Unga wake upikwe kwa moto mdogo, utiwe maziwa na asali kidogo kwa aliye nayo.

Sasa tuwageukie akina baba, maana bila ya wao hayo yote ni maneno matamu. Nusu saa ya mama haianguki kutoka mbinguni. Lazima mtu abaki na watoto, mtu atazame chungu, mtu amwongoze bibi asiyeona hadi uani. Bi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na ukifika wakati wa swala hutoka kwenda kuswali. Tena akasimulia kwamba safarini Mtume (S.A.W.) aliwaambia watu watangulie mbele, kisha akashindana naye kukimbia, na Bi Aisha akamshinda. Baada ya muda, alipokuwa ameongezeka mwili, walishindana tena, akashindwa yeye, na Mtume (S.A.W.) akamwambia kwa mzaha kwamba sasa wamelipana. Kisa hicho kimo katika Abu Dawud. Sehemu inayotugusa zaidi ni ile ya kuwatanguliza watu. Kiongozi wa umma, mwenye msafara na mambo mazito, aliutafutia mchezo wa mkewe faragha na wakati.

Na wako wanaume wanaoshinda misikitini na nyumbani mwao hawaonekani. Salman al-Farisi (R.A.) alipomzuru ndugu yake Abu Dardaa (R.A.) alimwona mkewe amejiachia, hana hamu ya kujitunza, akamuuliza kulikoni. Akajibiwa kwamba Abu Dardaa hana haja na dunia. Mchana amefunga, usiku anaswali. Salman hakumhutubia mke. Alimwendea mume, akamlazimisha kula naye, akamrudisha kulala kila alipotaka kuinuka mapema, kisha akamweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki juu yake, na watu wake wana haki juu yake, basi kila mwenye haki apewe haki yake. Habari ilipofika kwa Mtume (S.A.W.) alimsadikisha Salman. Uchovu wa mwanamke yule ndio ulioanza kusomwa, na jawabu likapelekwa kwa mumewe.

Lakini tusiwasahau wanaume wenyewe. Dereva hukaa usukanini saa nyingi barabarani na ndani ya kreta akitabasamu kwa wageni, na akirudi nyumbani hataki kusema na mtu. Miezi ya masika, Aprili na Mei, watalii wakipungua, hukaa kwenye kibaraza siku nzima akiutazama mwito wa simu usioita. Wanaume wetu hawasemi kwamba wana mawazo. Husema kichwa kinauma, au hawasemi kabisa. Karatu ni nyumbani kwa Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 kule Christchurch, na wilaya inajivunia wakimbiaji. Dereva wetu hatutaki avunje rekodi yoyote. Kwenda msikitini kwa miguu na kurudi kwa miguu, akiwa na mwanawe mkononi, kunatosha kwa kuanzia. Hata Mtume (S.A.W.) alikuwa akienda msikiti wa Qubaa kila Jumamosi, mara kwa kupanda mnyama na mara kwa miguu.

Kuna mpaka ambao mwendo na uji haviuvuki, na hapa tunaomba tusikizwe vizuri. Huzuni ikidumu zaidi ya wiki mbili bila ya kupungua, mtu akawa hali, halali, hana raha na chochote alichokipenda, au mzazi akawa hamtaki mtoto wake mchanga, au mtu akaanza kuzungumzia kufa, apelekwe kituo cha afya au hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake. Mtume (S.A.W.) ameamrisha kutafuta tiba. Dawa za sonona ni dawa kama za shinikizo la damu, na anayezitumia hajamshirikisha Mola wake na chochote. Na pale ambapo mtaalamu yuko mbali, kuna mfano wa kutazamwa kutoka Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza katika kitongoji cha Mbare, Harare, kuwafundisha mabibi wa kawaida kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza kwa utaratibu. Ugonjwa wenyewe waliuita kwa neno la Kishona lenye maana ya kuwaza kupita kiasi, ambalo kwetu ndiyo hayo mawazo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba walioketi na mabibi hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida, na mpango huo umefika hadi Zanzibar. Misikiti yetu ina mabibi. Mabaraza tunayo.

Kuhusu mama wa Ganako, hatuwezi kusema amepona, na yeye mwenyewe hasemi hivyo. Alikwenda hospitali kwa ushauri wa shemeji yake, akasikilizwa, akapangiwa kurudi. Asubuhi nne kwa wiki hutoka na jirani yake, mke wa fundi cherehani, ambaye ni Mkristo, mpaka kwenye miti ya mwanzo ya shamba la kahawa na kurudi. Siku ambazo mumewe yupo, yeye ndiye hupika uji wa watoto. Tumeambiwa wa kwanza uliungua. Wakati wa masika, tope jekundu linaponasa viatu, akina mama hao wawili huzunguka uwanja wa nyumba ya jirani, na mtoto wa darasa la pili hukaa kizingitini kuwahesabia mizunguko. Mama anasema hesabu ya mtoto huyo huwa pungufu kila anapotaka waendelee.